Programu ya zamani inaganda “mara moja moja” kwenye laptopu ya ARM

Wenye maduka na wahasibu hapa Lubumbashi wameanza kupenda laptopu za ARM, yaani zenye prosesa ya aina tofauti na ya Intel, kwa sababu moja tu: umeme ukikatika, betri inakaa. Halafu wanaweka humo programu ya ankara ya miaka mingi, iliyotengenezwa kwa ajili ya Intel, na mimi napigiwa simu: “Fundi, inaganda, lakini si kila mara.”

Hilo “si kila mara” lina thamani. Dereva (programu inayoendesha kifaa) isiyo ya ARM, mathalani ya ufunguo wa leseni wa USB, hugoma tangu siku ya kwanza. Programu inayoganda leo na kesho ikafanya kazi kutwa kwa data ileile, mimi huangalia kwanza nyuzi zake, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani yake, zinavyopokezana kazi.

Kwenye prosesa za Intel na AMD, uzi mmoja ukiandika A kisha B kwenye kumbukumbu, kori nyingine (sehemu ya prosesa inayofanya kazi yake peke yake) haiwezi kusoma B mpya halafu ikakuta A ya zamani. ARM haitoi ahadi hiyo mpaka iombwe. Sasa fikiria: uzi wa kwanza unaandika “kazi = 1”, kisha unainua bendera, yaani alama, ya “tayari”. Uzi wa kuchapa unaiona bendera, unaishusha, unasoma idadi ya kazi, unakuta 0, unarudi kulala. Wa kwanza nao unangoja jibu. Hakuna ujumbe wa kosa, dirisha jeupe tu, na mteja yuko kaunta.

Kwenye Mac, tangu M1 ya 2020, prosesa yenyewe inaweza kufuata utaratibu wa Intel wakati Rosetta 2, mfasiri wa Apple wa programu za Intel, inafanya kazi, kwa hiyo huko sianzii hapa. Windows 11 hutegemea vizuizi (maagizo ya kulazimisha mfuatano) ambavyo emuleta, mfasiri wake wa programu za Intel, inaviingiza katikati ya maagizo, na mpangilio wake wa kawaida umeegemea kasi.

Ikiganda, usiizime haraka. Fungua Gestionnaire des tâches (Task Manager). Prosesa iko 0%? Nyuzi zinangojana, au folda ya mtandao haijibu; jaribu na faili iliyo kwenye diski ya hapohapo. Kori moja imejaa muda wote? Uzi unazunguka ukisubiri thamani isiyokuja.

Kisha bofya kulia faili ya programu, Propriétés, Compatibilité, ingia kwenye mipangilio ya emulesheni. Mimi naruka moja kwa moja hadi chaguo la kori moja: nyuzi zote zinapita mlango mmoja, vizuizi havihitajiki tena. Wengine hupendelea kupanda ngazi za ukali wa vizuizi moja baada ya nyingine, ila mgando wa mara moja kwa wiki utakuchosha kabla hujafika juu. Ukikoma, rudi kwenye ngazi kali yenye kori nyingi uone kama inatosha. Kwa ankara sijisumbui, kori moja inawatosha.

Ikiendelea kuganda hata kwa kori moja, achana na suala la mfuatano wa kumbukumbu. Zima antivirusi kwa muda, halafu ikague ile folda ya mtandao.