Kipindupindu cha Ndege kwa Bata Mzinga: Kuutambua Ugonjwa na Kuuondoa Bandani

Maelezo ya wafugaji wa bata mzinga wanaoleta mizoga maabara hufanana mno: ndege mkubwa, mnene, aliyekula vizuri jioni, amekutwa amekufa alfajiri, na kinachoshukiwa kwanza ni sumu ya panya au chakula kibovu. Sumu huweza kuwa sababu kweli. Hata hivyo, vifo vya ghafla miongoni mwa bata mzinga walionawiri, hasa waliokaribia kukomaa, vinapaswa kumfanya mfugaji afikirie mapema kipindupindu cha ndege, ugonjwa unaosababishwa na bakteria aitwaye Pasteurella multocida, ambaye si yule anayesababisha kipindupindu cha binadamu.

Bata mzinga huathirika na ugonjwa huu kuliko kuku. Kwa kuku, milipuko huwapata zaidi waliovuka umri wa wiki 16, ilhali bata mzinga huweza kufa kwa wingi wakiwa na umri mdogo kuliko huo. Ndege ambaye hakufa ghafla huonekana amejikunyata, manyoya yamesimama, ana homa, hataki kula, anapumua haraka na anatokwa na ute mdomoni. Kinyesi chake mwanzoni huwa cha majimaji meupe, kisha hugeuka kuwa kijani chenye utelezi. Saa chache kabla ya kufa, ngozi ya kichwa na nyama zinazoning'inia shingoni hubadilika rangi kuelekea zambarau. Baadhi ya wanaonusurika hubaki na ugonjwa sugu: viungo vya miguu na nyayo huvimba, wengine huvimba usoni, na baadhi hupinda shingo kwa sababu maambukizi yamefika kwenye sikio la ndani au kwenye utando wa ubongo.

Dalili hizi hazitoshi peke yake kuutaja ugonjwa. Shingo kupinda na kinyesi cha kijani huonekana pia kwenye kideri, na vifo vya ghafla vya ndege wengi huweza kuwa mafua makali ya ndege. Kwa hiyo vifo vya namna hiyo vitolewe taarifa kwa afisa mifugo siku hiyohiyo, bila kusubiri kundi liishe. Ugonjwa mwingine unaowachanganya wafugaji ni ule wa histomonasi, unaosababishwa na kimelea anayesambazwa na minyoo ya kuku, nao huwaua sana bata mzinga wanaofugwa pamoja na kuku au kwenye ardhi iliyowahi kufugiwa kuku. Kinyesi chake huwa cha njano kama kiberiti, na ini huwa na madoa makubwa ya mviringo yaliyobonyea katikati. Kutofautisha magonjwa haya mawili kuna maana kubwa mfukoni, kwa sababu antibaiotiki zinazotibu kipindupindu cha ndege hazimwondoi kimelea wa histomonasi, na mfugaji anayekisia huweza kumaliza fedha zake kwa dawa isiyohusika.

Mzoga wa kipindupindu cha ndege ukipasuliwa, ini huonekana limevimba na kujaa vidoa vidogovidogo vyeupe, na kwenye mafuta ya moyo huwapo alama ndogo za damu iliyovujia. Kwa bata mzinga hasa, mapafu huwa mazito na magumu kwa nimonia. Maabara huthibitisha kwa kumwotesha bakteria kutoka kwenye ini, damu ya moyo au uboho. Mfugaji apeleke mzoga mzima, ambao ndege wake amekufa muda mfupi uliopita, ukiwa umefungwa kwenye mifuko miwili na kuwekwa kwenye barafu. Ikiwa mzoga umeanza kuoza njiani, mfupa wa mguu usiovunjwa bado huweza kutoa jibu, kwa kuwa uboho huchelewa kuharibika. Tanzania, kazi hii hufanywa na vituo vya Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, na ningependa wafugaji wavitumie zaidi kuliko wanavyofanya sasa. Anayeshika mzoga avae glavu na anawe kwa sabuni.

Jambo linalostahili kusisitizwa kuliko yote ni mahali ugonjwa unapojificha. Ndege aliyepona huonekana mzima, lakini huendelea kubeba bakteria puani na kooni kwa muda mrefu, pengine maisha yake yote, na kila anapokunywa huacha ute wenye maambukizi kwenye chombo cha maji. Panya huubeba pia. Paka na nguruwe hali kadhalika, na mfugaji mwenye nguruwe karibu na bata mzinga anapaswa kutenganisha mabanda, vifaa na viatu. Mizoga iliyotupwa kichakani huhifadhi bakteria kwa wiki nyingi, na bata mzinga, wenye tabia ya kudonoa na hata kula mizoga ya wenzao, huambukizwa moja kwa moja.

Ndiyo maana tiba peke yake huwavunja moyo wafugaji. Dawa za jamii ya salfa na tetrasaiklini, zikichaguliwa na daktari wa mifugo baada ya kipimo cha kuonyesha dawa ipi inamwua bakteria huyo, hupunguza vifo haraka. Zikisimamishwa, vifo mara nyingi hurudi, kwa sababu wabebaji wamebaki bandani. Ndege aliye hoi hanywi maji, hivyo dawa iliyochanganywa kwenye maji haimfikii, na huyo huhitaji sindano au kutolewa kundini. Salfa zikizidishwa huwadhuru ndege, na hazifai kwa wanaotaga mayai ya kuliwa. Muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kifungashio uheshimiwe kabla ya kuchinja, hata kama sikukuu imekaribia na wateja wameshalipa.

Ugonjwa ukithibitishwa, ushauri wangu kwa shamba dogo ni kuliondoa kundi lote kwa mwongozo wa daktari badala ya kulitibu mara kwa mara. Mizoga ichomwe au ifukiwe kwenye shimo ambalo mbwa hawawezi kulifukua. Maranda yote yatolewe, banda lioshwe kwa maji na sabuni mpaka uchafu uishe, ndipo dawa ya kuua vijidudu ipuliziwe, kwani dawa ikimwagwa juu ya kinyesi hupoteza nguvu. Bakteria huyu si mgumu kuuawa: jua, ukavu, joto na dawa za kawaida humaliza nguvu zake upesi, mradi asiwe amefunikwa na uchafu au mzoga. Panya waangamizwe kabla kundi jipya halijaingia, na chakula kihifadhiwe kwenye mapipa yenye vifuniko. Kundi jipya lianze kwa vifaranga kutoka kwa mzalishaji anayeaminika, kwa kuwa kwa kawaida ugonjwa huu haupitii kwenye yai. Kununua bata mzinga wakubwa mnadani ni njia ya hakika ya kumkaribisha mbebaji.

Chanjo zipo, na bakteria huyu ana nafasi yake katika historia ya chanjo, kwa kuwa mwaka 1880 Louis Pasteur wa Ufaransa alieleza jinsi vijidudu vya ugonjwa huu vilivyodhoofishwa vinavyomkinga kuku. Chanjo iliyotengenezwa kwa bakteria waliouawa hukinga dhidi ya aina za bakteria zilizomo ndani yake tu, na aina hizo ni nyingi. Hivyo daktari huhitaji majibu ya maabara ili kuchagua inayofaa. Ni vyema itolewe kwa kundi zima lenye afya, kabla ya umri wa hatari, na si kwa ndege ambao tayari wameanza kuugua.