Dakika ni 90, na mpira ni uleule

Nje ya Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, hukosi kumsikia mtu akimenya karanga huku akitangaza kwa uhakika kwamba Ligi Kuu ya Wanawake huchezwa dakika 80, tena kwa mpira mdogo. Si kweli. Baobab Queens, timu ya Dodoma yenye jina la mbuyu, imecheza ligi hiyo kwa dakika 90 kamili, na za nyongeza za mwamuzi juu yake. Mpira ni namba 5, mzingo wake sentimita 68 hadi 70. Goli nalo ni lilelile, mita 7.32 kwa 2.44, kipa hapunguziwi hata kidole.

Ila uvumi huu una mzizi, ndiyo maana simlaumu sana mla karanga wetu. Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, China 1991, lilichezwa kweli dakika 80. Kwenye fainali Marekani na Norway zilikuwa 1-1 hadi Michelle Akers wa Marekani alipofunga dakika ya 78, zikibaki mbili tu. Mwaka 1995, kule Sweden, zikawa 90.