NMS haikuwa ushirikiano, wacha tuelewane hapo

Kila mara jam ya Nairobi ikizungumzwa lazima mtu atokee aseme "lakini hiyo mambo ya kaunti na serikali kuu kupanga pamoja si tulijaribu, si kulikuwa na NMS, na tuliona iliishia wapi". Hapana jameni. NMS (Nairobi Metropolitan Services, ile ofisi ya serikali kuu iliyofanya baadhi ya kazi za kaunti ya Nairobi 2020 hadi 2022) ilikuwa kitu ingine kabisa, na tukiendelea kuchanganya hizi mbili hatutawahi kujua ni nini tumejaribu na ni nini bado hatujagusa.

Maana kwanza, haraka haraka. Kupanga usafiri na matumizi ya ardhi kwa pamoja ni pale serikali kadhaa zinazogawana eneo moja la watu, tuseme kaunti tatu ama tano pamoja na serikali kuu, zinakubaliana plani moja ya barabara, reli, steji na mabasi, na plani hiyo hiyo inasema flati zitapanda wapi, viwanda vitakaa wapi na shamba gani libaki shamba. Kila mmoja anabaki na mamlaka yake lakini amekubali kufungwa na ile plani. Kama ndani kuna barabara na hakuna ardhi, hiyo ni plani ya barabara tu. Na kama mmoja amechukua kazi ya mwenzake, huo sio ushirikiano hata wakipigwa picha wakisalimiana.

Mbona tunaihitaji? Panda matatu ya Kitengela pale tao, katikati ya jiji. Ukifika Syokimau umeshatoka Nairobi uko Machakos na nje ya dirisha hakuna kitu kimebadilika, Mlolongo bado Machakos, Athi River bado Machakos, alafu unashukia Kitengela ambayo ni Kajiado. Kaunti tatu nauli moja. Sasa angalia nani anashika nini hapo katikati: lami ya Mombasa Road ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, kwa hivyo serikali kuu, leseni ya matatu inatoka NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, ambayo pia ni serikali kuu, steji ya tao iko chini ya kaunti ya Nairobi, ruhusa ya kujenga flati za Syokimau inatoka Machakos, na pale unaposhukia ni Kajiado. Wote wanaweza kuwa wamefanya kazi yao sawasawa kabisa na wewe bado ukwame Mlolongo jioni mzima, kwa sababu aliyepitisha flati hakumuuliza mwenye barabara itabeba watu wangapi, na mwenye barabara naye hakumuuliza mwenye flati anajenga ngapi. Githurai nayo ndio kali zaidi, 44 ni Nairobi na 45 ni Kiambu, na majina yenyewe yalitoka kwa namba za matatu, yaani wakaaji walijitambulisha kwa gari wanayopanda, mambo ya mpaka wakaachia wenye ofisi.

Haya, turudi kwa NMS. Tarehe 25 Februari 2020, Ikulu, Mike Sonko akiwa gavana alitia saini hati ya kupeleka majukumu manne ya kaunti ya Nairobi kwa serikali kuu: afya, uchukuzi, ujenzi wa umma na huduma zinazoambatana nao, na mipango na maendeleo. NMS ikaundwa iyafanye, Meja Jenerali Mohamed Badi akaiongoza, ikamalizika 2022 na kazi zikarudi City Hall, yaani kwa kaunti. Msingi wake ulikuwa kifungu cha 187 cha Katiba, kinachoruhusu ngazi moja ya serikali kuhamishia nyingine jukumu kwa makubaliano, na hata hapo Katiba inasema wajibu wenyewe unabaki kwa ile ngazi iliyopewa jukumu tangu mwanzo. Sasa niambie ushirikiano uko wapi hapo. Kulikuwa na anayetoa na anayepokea.

Kifungu cha ushirikiano kipo, na sio mbali, ni 189. Hicho kinasema serikali za ngazi zote, na kaunti zenyewe kwa zenyewe, zitashirikiana, na kwa ajili hiyo zinaweza kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Hapo hakuna mtu anatoa kitu mfukoni mwake kumpatia mwingine. Mnakaa meza moja kila mmoja na chake. Vifungu viwili vinakaribiana hivyo kwa kitabu na bado watu wazima wenye digrii wanaenda kwa redio wanavichanganya, enyewe sijui tatizo ni nini.

Ama tuseme najua. Tatizo ni ile M. NMS ilikuwa Nairobi Metropolitan Services, na mtu akisikia Metropolitan anadhani ni eneo lote, kumbe kazi yake iliishia mpakani mwa kaunti ya Nairobi, moja tu. Mfano mzuri ni Green Park, ile steji kubwa kando ya Uhuru Park iliyojengwa wakati wa NMS, iliyokusudiwa matatu za Ngong Road na Lang'ata Road. Lang'ata Road ndio njia ya Rongai, Ngong Road inaenda mpaka Ngong, na Rongai na Ngong zote ni Kajiado. Kwa hivyo mtu wa Kajiado amepangiwa mahali pa kushuka na chombo ambacho hakina hata inchi moja ya mamlaka kwao. Sisemi steji ni mbaya. Nasema huwezi kuita hiyo plani ya eneo.

Chombo kilichokusudiwa hiyo kazi ya eneo ni kingine, kinaitwa NaMATA (Nairobi Metropolitan Area Transport Authority), na wengi hawakijui kwa sababu hakikuwa na jenerali. Kilianzishwa Februari 2017 kwa tangazo la kisheria wakati wa urais wa Uhuru Kenyatta, kinagusa kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Ndio wenye zile laini za BRT, mabasi ya mwendo kasi, zenye majina ya wanyama, Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Angalia Simba peke yake kwa ramani: inaanzia Rongai, inapita Lang'ata Road, tao, Thika Road, Ruiru, Thika, mpaka Kenol. Hiyo ni Kajiado, Nairobi, Kiambu na Murang'a kwa laini moja. Hakuna gavana anaweza kuipanga peke yake hata akitaka.

Lakini hata NaMATA ni nusu ya ile dhana. T ni Transport, ardhi haimo, kupanga ardhi kumebaki kwa kaunti kama Jedwali la Nne la Katiba linavyosema, huku serikali kuu ikiachiwa kanuni za jumla na kuratibu. Na hii nusu ya ardhi ndio huwa inatumaliza. Thika Road ilifunguliwa 2012, kilomita 50 hivi, mahali pengine leni nane, tukashangilia. Alafu kahawa ya Ruiru ikang'olewa ikawa maestate, Roysambu flati juu ya flati, Juja vile vile, na asubuhi tukarudi kwa foleni tukiuliza Wachina walioijenga walikosea wapi. Hawakukosea, barabara ilijengwa na ngazi moja na kando yake kukajazwa na ngazi nyingine. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 iko na sehemu nzima ya plani za kaunti mbili ama zaidi kwa pamoja, kwa hivyo usiambiwe hakuna sheria.

Shida ni pesa. Land rates, yaani kodi ya ardhi, na ada za kupitisha ramani za nyumba ni mapato ya kaunti yenyewe, sasa gavana wa Machakos ama Kiambu akatae flati eti kwa sababu barabara ya serikali kuu itajaa? Kwa faida ya nani? Wamarekani walikutana na hii shida kitambo. Sheria yao ya 1962 ilisema miji ya watu zaidi ya 50,000 haipati pesa za barabara za serikali kuu bila kupanga pamoja, jimbo na serikali za mitaa. Na Minnesota walienda mbele zaidi: Metropolitan Council, baraza la eneo la 1967, kaunti saba za Minneapolis na St. Paul, wale mko huko mnaijua kama wenye mabasi, lakini pia inapitia plani za ardhi za kila mji. Alafu 1971 ikatungwa sheria kwamba kiwanda ama duka kubwa likijengwa mji mmoja, asilimia 40 ya ongezeko la msingi wa kodi ya majengo ya biashara, yaani ile thamani inayotozwa kodi, inaingia kapu moja la eneo lote. Ukiniuliza mimi hiyo ndio ya kuiga kabla hata ya basi la kwanza la BRT, maana kaunti ikijua itapata kitu hata flati zikienda kwa jirani, itakaa mezani.

Kwa hivyo ukitaka kusema NMS ilishindwa, sema, kuna mwenye atakubali na kuna mwenye atakuonyesha barabara ya mtaani kwao iliyowekwa lami wakati huo. Ila iite uhamisho wa majukumu, kifungu 187, kaunti moja. Ile ya 189, ya kaunti tano na ardhi ikiwa ndani, hatuwezi kusema tulijaribu ikashindwa, kwa sababu bado hatujaianza.