"Anayestahili Hakatwi": Dhana Inayonichosha Kuliko Zote

Kazi yangu ni kuwasaidia watu kukata rufaa baada ya kufutiwa posho ya ulemavu, ruzuku au bima ya afya ya serikali. Juma hili nimeisikia sentensi ileile mara tatu, na mara ya mwisho ilitoka kwa mteja wangu mwenyewe, akimsema jirani yake: "Angekuwa anastahili, wasingemkata."

Jamani. Bajeti ikibanwa, anayeondolewa kwanza si mvivu, ni yule aliyeshindwa na makaratasi. Mwaka 2018 jimbo la Arkansas, Marekani, liliwataka baadhi ya wanufaika wa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, wathibitishe saa 80 za kazi au shughuli nyingine kila mwezi. Mwanzoni uthibitisho ulipokelewa kwa mtandao tu, na tovuti yenyewe ilifungwa kila siku kuanzia saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi. Tovuti inayokwenda kulala! Zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima kabla ya mahakama kuusimamisha mpango huo Machi 2019. Watafiti walipofuatilia, ajira haikuwa imeongezeka, na wengi mno wa waliolengwa ama walikuwa tayari wanatimiza masharti, ama walistahili kusamehewa. Kwa hiyo wengi waliokatwa walikuwa wanastahili. Walichokosa ni kubofya mahali panapotakiwa, kwa wakati unaotakiwa.

Mwezi uliopita mzee mmoja alinimwagia mezani mfuko wa barua. Nne hazikuwa zimefunguliwa. Macho yake yana mtoto wa jicho, na barua iliyompa siku 14 za kujibu ilikuwa na herufi ndogo kama mchwa. Alipofika kwangu siku hizo zilikuwa zimekwisha, na kwenye faili lake pameandikwa "hakutoa ushirikiano". Nenda kamwambie yeye habari za kustahili.

Halafu kuna wanaosema wanaoumia ni wadanganyifu tu. Uholanzi iliwaandama maelfu ya wazazi kwa madai ya udanganyifu katika ruzuku ya malezi ya watoto, wengine kwa kasoro ndogo tu za fomu. Januari 2021 serikali nzima ilijiuzulu kwa sababu hiyo. Sina la kuongeza.

"Bajeti ni hesabu, demokrasia ni kura." Hii nayo huwa nasikia kwa watu waliosoma, wakimaanisha kwamba kubana bajeti hakuigusi demokrasia. Julai 2013 Uingereza ilianza kutoza ada ya hadi pauni 1,200 kwa mfanyakazi anayepeleka shauri la kazi kwenye baraza linaloamua mashauri hayo. Mashauri yakaporomoka kwa takriban theluthi mbili. Hakuna sheria ya kazi iliyofutwa, ila aliyedhulumiwa ujira mdogo hakuwa na sababu ya kulipa ada kubwa kuliko deni analodai. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliifuta ada hiyo, na majaji walieleza wazi kwamba wananchi wasipoweza kufika mahakamani, sheria zinazotungwa na bunge walilolichagua hubaki maandishi matupu. Hapo hesabu na kura zimekutana.

"Mashirika ya hiari yataziba pengo." Mengi yanaendeshwa kwa ruzuku ya serikali ileile inayokata. Tuendelee.

"Rufaa ni kupoteza muda." Si kweli. Uingereza, kwa miaka kadhaa, zaidi ya nusu ya rufaa za posho ya ulemavu zilizofika mbele ya baraza la rufaa ziliamuliwa kwa faida ya mlalamikaji. Omba sababu za uamuzi kwa maandishi, na piga picha kila fomu kabla ya kuikabidhi. Na usitupe bahasha! Watu wanatunza barua, bahasha wanaitupa, wakati muhuri wa posta ndio unaoonyesha barua ilitumwa lini hasa. Katika zile nne za yule mzee, moja ilikuwa na tarehe ya ndani iliyotangulia muhuri kwa siku tisa. Rufaa yake tumeijenga juu ya hizo siku tisa.