Saa Jukwaani: Michezo Niliyoipenda London Msimu Uliopita

Kazi yangu ni usimamizi wa jukwaa. Mtazamaji hanioni: nakaa pembeni gizani, vipokea sauti masikioni, kitabu cha mchezo mbele yangu, nikimwambia wa taa lini awashe na wa sauti lini apige. Ukiifanya kazi hii muda mrefu, hata siku ya mapumziko huwezi kutazama mchezo kama watu wengine. Mwenzako anasifia mavazi, wewe unahesabu dakika. Ndiyo maana orodha yangu ya msimu wa Septemba 2024 hadi Agosti 2025 imeelemea upande mmoja: karibu yote ni michezo iliyojua kuutumia muda.

Wa kwanza, na sioni wa kuupokonya nafasi hiyo, ni Oedipus wa Robert Icke, uliochezwa katika ukumbi wa Wyndham's kuanzia Oktoba 2024 hadi Januari 2025. Kisa ni kile kile cha Sophocles, mtunzi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, ambacho wasomaji wa Kiswahili walikipata mapema pale Samuel Mushi alipokitafsiri kwa jina la Mfalme Edipode. Icke amekihamishia kwenye ofisi ya kampeni, usiku wa kusubiri matokeo ya uchaguzi. Oedipus, anayechezwa na Mark Strong, ni mgombea aliyekwisha kuahidi hadharani kwamba ataonyesha cheti chake cha kuzaliwa na kwamba atachunguza kifo cha Laius, mtawala wa zamani. Na ndani ya ofisi hiyo kuna saa ya tarakimu inayohesabu kurudi sifuri.

Ugumu wake ni huu: ukumbi mzima unajua mwisho. Kila aliyekata tiketi anajua kwamba huyu bwana alimuua baba yake na mke wake ndiye mama yake. Utamfichaje mtu kitu anachokijua? Icke hafichi. Anakuwekea saa, na swali linageuka kutoka "nini kitatokea" kuwa "zimebaki dakika ngapi". Sisi tuliowahi kukesha mbele ya runinga tukisubiri tume itangaze matokeo ya urais tunaijua hali hiyo vizuri: mate yanakauka, kila mtu anatazama namba, hakuna anayekwenda kulala. Familia inakula, inataniana, inagombana, na huku samani za ofisi zinaondolewa moja moja kwa sababu kampeni imekwisha. Ukija kustuka jukwaa limebaki tupu, na mtu ameachwa katikati hana hata kiti cha kushika.

Hapa niseme jambo la kiufundi ambalo mtazamaji halifikirii. Kwa kawaida mchezo hunyumbulika. Jumamosi watu wanacheka sana, waigizaji wanawasubiri wamalize. Jumanne wamenuna, pazia linashuka mapema. Saa ikishaonekana jukwaani, uhuru huo umekwisha. Anayejipa ukimya mrefu mwanzoni anaanza kudaiwa, na deni linalipwa mbele ya watu. Tena mchezo huu haukuwa na mapumziko, kwa hiyo hakuna mahali pa kurekebishia mambo. Ajabu ni kwamba Lesley Manville, akiwa Jocasta, mke wa Oedipus, alipoanza kusimulia aliyofanyiwa na Laius alipokuwa bado mtoto, hakuonyesha haraka yoyote. Alisema polepole, kama mtu mwenye usiku mzima. Mimi mtu wa dakika nilisahau kabisa kuitazama saa. Tuzo ya Olivier ya mwaka 2025, tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani ya London, aliistahili.

Mwezi uleule mchezo huo ulipofunga, ukumbi wa Old Vic ulileta Oedipus wake, akiwa na Rami Malek na Indira Varma, na ngoma za Hofesh Shechter katikati ya maonyesho. Ngoma zilikuwa moto. Lakini kila wachezaji walipotoka na mazungumzo kurudi, nilihisi baridi. Tuendelee.

Retrograde wa Ryan Calais Cameron, ukumbi wa Apollo, hauna saa ukutani kwa sababu hauihitaji. Ni dakika 90 za mfululizo: dakika moja ya pale ofisini ni dakika moja ya kitini mwako. Mwaka ni 1955, Sidney Poitier, mwigizaji mweusi wa Marekani, ni kijana anayekaribia kupata kazi kubwa, na mwanasheria anamsogezea karatasi. Atie sahihi kiapo cha utii, amkane Paul Robeson, mwimbaji mweusi aliyeshutumiwa kuwa mkomunisti, kazi iwe yake. Basi. Aliyemcheza Poitier ni Ivanno Jeremiah, mzaliwa wa Uganda, na alichonifurahisha ni namna alivyokaa. Mwanzoni amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni aliyeitwa na mkubwa. Kadiri anavyobanwa ndivyo mgongo unavyonyooka. Ukiwa na muda usiokatwakatwa unaweza kuyaona mabadiliko kama hayo. Ungeweka mapumziko ya dakika 20 katikati, yangepotea.

Giant wa Mark Rosenblatt nao ni mchana mmoja tu, mwaka 1983, nyumbani kwa Roald Dahl, mwandishi wa vitabu vya watoto, nyumba ikiwa kwenye ukarabati. Kabla ya vita Dahl aliwahi kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell jijini Dar es Salaam, lakini mchezo hauhusu hayo. Unahusu makala aliyoandika dhidi ya Israel ambayo ndani yake chuki kwa Wayahudi ilijitokeza waziwazi, na wachapishaji wake wakaja kumbembeleza aombe radhi. John Lithgow anamfanya mzee huyo apendeze kwanza. Unacheka naye, unamhurumia mgongo wake, halafu sumu inatoka katika sauti ileile iliyokuchekesha. Nicholas Hytner aliuongoza katika ukumbi wa Royal Court mwaka 2024, kisha ukahamia Harold Pinter mwaka uliofuata.

Kyoto, ulioandikwa na Joe Murphy na Joe Robertson, niliuendea kwa mashaka. Nani anataka kutazama mkutano wa tabianchi, ule wa Kyoto, Japani, mwaka 1997? Ukiingia ukumbi wa @sohoplace unavishwa kitambulisho cha mjumbe shingoni, na jukwaa lenyewe ni meza kubwa ya mkutano ambayo baadhi ya watazamaji wanakaa kuizunguka. Msimulizi ni Don Pearlman, mwanasheria aliyefanya kazi ya kuukwamisha mkutano kwa manufaa ya wenye mafuta, na ni hodari mno hata unajikuta upande wake. Watu wanagombania neno moja, wanagombania alama za uandishi, na ukumbi unacheka hadi machozi.

Kuna mhusika anayeitwa Tanzania, na si pambo. Desemba 1997 Tanzania ndiyo iliyokuwa mwenyekiti wa Kundi la 77 na China, yaani umoja wa nchi zinazoendelea, na aliyelisemea kundi hilo kule Kyoto alikuwa Profesa Mark Mwandosya. Jukwaani nafasi hiyo ilichezwa na mwanamke. Sikukwazika na hilo. Ningependa tu apewe maneno mengi zaidi, kwani nchi maskini ndizo zilizokuwa na hoja nzito kuliko zote. Mkutano wa kweli ulipitiliza siku yake ya mwisho, tarehe 10, ukaisha tarehe 11, watu wamekesha. Mchezo unaunasa uchovu huo: tai zimelegea, sauti zimekauka, mwenyekiti Raúl Estrada-Oyuela anagonga nyundo kabla mtu hajapata nguvu ya kupinga.

The Years unakwenda kinyume na yote hayo. Badala ya usiku mmoja, unakupa maisha ya mwanamke mmoja wa Ufaransa, kutoka kitabu cha Annie Ernaux, yakichezwa na wanawake watano wanaopokezana umri wake. Kila kipindi kinaanza na picha: anasimama mbele ya shuka, anapigwa picha, miaka imeruka. Ni mbinu rahisi kuliko zote nilizoziona msimu huo, na haikunichosha.

Mchezo huu ulisifika pia kwa watazamaji kuzimia. Katika tukio la utoaji mimba wa siri, wakati sheria ya Ufaransa ilipokuwa bado inaukataza, Romola Garai anasimulia na watu wanaanguka vitini. Onyesho linasimamishwa. Kwa upande wetu wa pembeni hiyo ni kazi nzito: taa za ukumbi zinawashwa, waigizaji wanaondoka, mgonjwa anahudumiwa, kisha mwigizaji lazima arudi kwenye uchungu uleule, kutoka pale sentensi ilipokatika. Garai aliweza. Ningempa tuzo kwa hilo peke yake.

Evita wa Jamie Lloyd, mchezo wa nyimbo kuhusu Eva Perón, mke wa rais wa Argentina, kiangazi cha 2025, naugusa kwa sababu ya mzozo wake. Wimbo maarufu kuliko zote, Rachel Zegler, aliyemcheza Eva, aliuimba kwenye roshani ya nje ya ukumbi wa Palladium, kwa wapita njia, bure, yapata saa tatu usiku. Waliolipa wakabaki ndani wakitazama skrini. Walionung'unika ni wengi. Mimi nasema Lloyd alikuwa sahihi: Eva Perón alihutubia umati wa mitaani, na umati wa mitaani hauna tiketi.