Mtoto anayeuliza "kwa nini" hajakosa adabu

Barazani huku Kirumba, Mwanza, kauli hii ni ya miaka mingi: shule ambayo watoto wanacheza na kumuuliza mwalimu "kwa nini" haina nidhamu. Hofu ya wazazi naielewa, maana ada inauma. Ila kauli yenyewe si kweli. Darasa likiwa kimya, tunachojua ni kwamba watoto wamenyamaza, basi.

Mfano tunao hapahapa nchini. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba, aliweka mchanganyiko wake wa aiskrimu kwenye friza ungali moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza tena mhadhiri mgeni wa fizikia, Denis Osborne. Wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kulijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ambayo wanasayansi wanaijadili mpaka leo.

Michezo nayo ina kazi yake. Juzi uani nimemtazama mtoto akiweka kizibo cha soda kwenye beseni la maji. Kikaelea. Akakibonyeza ukingoni, kikajaa, kikazama. Akakigeuza, akajaribu tena, akambishia dada yake, wakapeana zamu bila kuamriwa na mtu. Mwishoni akaniuliza: "Mbona meli ni ya chuma na haizami?" Tukachukua kipande cha bati, tukaanza kukikunja.