Mbunge wa jimbo nchini Marekani ni nani?

Novemba 2024, Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alipochaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Minnesota, habari zilienea haraka kwamba Mkenya amekuwa mbunge Marekani. Habari hizo zilikuwa za kweli, lakini wasomaji wengi walidhani kwamba anakwenda Washington. Hakwenda huko. Kiti chake kiko Saint Paul, makao makuu ya Minnesota, katika bunge ambalo uchaguzi ule uliliacha na viti 67 kwa kila chama kati ya viti 134.

Mkanganyiko huu unatokana na lugha yetu wenyewe. Tanzania, "mbunge wa jimbo" ni yule aliyepigiwa kura na wananchi wa jimbo lake la uchaguzi, tofauti na mbunge wa viti maalumu, na wote wawili hukaa katika bunge moja la taifa. Marekani, jimbo ni mojawapo ya sehemu 50 zinazounda nchi, na kila moja ina katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Mbunge wa jimbo, basi, ni yule anayetunga sheria za sehemu hiyo tu. Kwa Mtanzania, mfano ulio karibu zaidi ni mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, ambalo hutunga sheria kwa mambo yasiyo ya Muungano. Mkenya anaweza kumfikiria mwakilishi wadi katika bunge la kaunti, ingawa mamlaka ya huyo ni madogo kuliko ya mwenzake wa Marekani.

Ni makubwa kiasi gani? Katiba ya Marekani huyaachia majimbo kila jambo ambalo haikuipa serikali ya taifa wala kuyakataza majimbo yenyewe. Kwa sababu hiyo sheria nyingi za jinai, ndoa na talaka, leseni za udereva, shule za umma na hata namna ya kuendesha uchaguzi hutungwa katika mabunge haya. Mswahili anayeishi Minneapolis au Houston huguswa na sheria za jimbo lake kila siku, na mara nyingi hajui hata jina la aliyezipigia kura.

Majimbo 49 yana mabunge ya nyumba mbili, seneti na baraza la wawakilishi. Nebraska pekee, tangu 1937, ina nyumba moja yenye maseneta 49 ambao hawachaguliwi kwa tiketi ya chama. Kwa jumla wabunge wa majimbo ni zaidi ya 7,300. Idadi hiyo inaficha tofauti kubwa mno. Baraza la New Hampshire lina wajumbe 400, na kila mmoja huwakilisha takriban watu 3,500, yaani watu ambao mjumbe anaweza kuwafikia kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Seneti ya California ina watu 40 tu kwa jimbo lenye wakazi wapatao milioni 39.

Mshahara ndio unaoamua kama ubunge huu ni kazi ya maisha au la. Mjumbe wa New Hampshire hulipwa dola 200 kwa kipindi chote cha miaka miwili, kiwango kilichowekwa katika katiba ya jimbo hilo mwaka 1889. Texas hulipa dola 600 kwa mwezi, pamoja na posho ya siku za vikao, na kikao chake cha kawaida hukaa kwa siku zisizozidi 140 kila baada ya miaka miwili. New York, kwa upande mwingine, hulipa dola 142,000 kwa mwaka. Ninaliona jambo hili kuwa zito kuliko linavyochukuliwa. Mahali ambapo ubunge haulishi familia, wanaoweza kuubeba ni wastaafu, wanasheria, wenye biashara zao na wenye mashamba. Mwuguzi wa zamu au dereva wa basi, hata akipendwa na jirani zake wote, hana wa kumwachia kazi kwa miezi mitano.

Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, aliyapitia hayo. Aliingia Seneti ya Illinois Januari 1997, akawa anasafiri kati ya Chicago na Springfield, makao makuu ya Illinois, mwendo wa kilomita zaidi ya 300, huku akiendelea kufundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Chicago. Kwa miaka sita chama chake kilikuwa upande wa wachache. Desemba 1999 alikuwa Hawaii na familia yake, binti yake akiwa mgonjwa, hivyo akakosa kura muhimu kuhusu sheria ya bunduki. Muswada ukaanguka, naye akalaumiwa vikali. Miezi mitatu baadaye aligombea kiti cha Congress, yaani bunge la taifa, na kushindwa vibaya na Bobby Rush, aliyekuwa akikishikilia kiti hicho, katika uchaguzi wa mchujo, au kura za maoni kama wasemavyo Tanzania. Hali iligeuka mwaka 2003, chama chake kiliposhika seneti: ndipo alipofanikisha sheria ya kurekodi kwa video mahojiano ya washukiwa wa mauaji, na mwaka uliofuata akachaguliwa kwenda Seneti ya Marekani.

Hata hivyo, wengi hawaendi Washington, na wengine hawataki. Fred Risser wa Wisconsin aliingia katika bunge la jimbo lake mwaka 1957 na kutoka Januari 2021, miaka 64 baadaye, muda ambao hakuna mbunge mwingine wa jimbo aliyeufikia. California asingeweza kufanya hivyo. Huko, kwa kura ya wananchi ya mwaka 2012, mtu anayeingia bungeni hupewa miaka 12 kwa nyumba zote mbili, kisha huondoka.